Uliza Moja, Acha Moja

"Ulifuta nini?"

"Nadhira, punguza sauti."

"Sauti yangu naijua mwenyewe. Nimekuuliza, ulifuta nini?"

Walikuwa mbele ya dirisha la mizigo, stendi ya Bagamoyo, maboksi ya udi yamesimama baina yao kama mashahidi. Abiria wa Dar waliokuwa wakigombania siti za dirishani walisahau dirisha wakageuza shingo. Karani wa mizigo aliinamisha kichwa akajifanya anaandika, na kalamu haikuwa na wino.

Muzammil alikuwa amevaa shati jeupe, mikono ameikunja hadi viwikoni, kofia ya viua ameivuta nyuma kidogo. Siku nyingine Nadhira angesema kapendeza. Siku hiyo alimsogezea simu mpaka puani.

"Soma. 'Ujumbe huu umefutwa na msimamizi.' Msimamizi wa kundi ni nani? Mimi?"

"Ni mimi."

"Jumanne unafuta ujumbe. Jumamosi naingia harusini Kaole, sijavua hata viatu, napokewa na udi wangu. Udi wangu, Muzammil! Kwenye nguo za wanawake ambao hawajanunua kwangu hata kipande. Una harufu ya kuungua kwa mbali, lakini ni wangu. Mtu anajua harufu ya nyumba yake."

"Najua."

"Unajua! Na mtu wa nje niliyempa kanuni ya ule udi ni mmoja tu. Wewe. Nilikupa kwa mdomo wangu, kwa sababu nilidhani nazungumza na mume mtarajiwa."

"Sikuutoa mimi."

"Nani, basi?"

Muzammil akatazama maboksi.

"Unamjua," Nadhira akasema taratibu.

"Namjua."

"Mtaje."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili. Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi mbele ya wateja wangu." Akamgeukia karani. "Andika, kaka. Maboksi yote, Kariakoo. Tafuta kalamu yenye wino." Kisha, bila kumtazama Muzammil: "Kesho wazee wako wanakuja kwa baba mdogo kuchukua jibu. Waambie wasikodi gari. Waje na bajaji, na bajaji iwasubiri. Hawatakaa sana."

Akaondoka, baibui lake la rangi ya zambarau likipepea nyuma yake. Mwanamke mwenye akili hagombani stendi. Nadhira akili anazo, tena za kutosha, ila asubuhi ile ya Alhamisi alikuwa ameziacha nyumbani.

Na hapo hapo, dirisha lile lile, ndipo walipokutana.

Ilikuwa mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, stendi imefurika watu na magunia. Nadhira alikuwa anapeleka boksi mjini. Nyuma yake kwenye foleni mtu akakohoa.

"Dada, samahani. Boksi lako zuri. Lakini halina jina lako wala namba yako."

"Lina jina la mteja. Linatosha."

"Mteja atalipokea. Na jirani yake akinusa akaupenda, atampigia nani?"

Nadhira akamchukia kwa swali hilo. Kijana akatoa kalamu nene mfukoni akampa. Nadhira akaandika: *Udi wa Dunda*, kwa jina la kata yao, na namba. Akarudisha kalamu.

"Bei gani?"

"Ya kalamu?"

"Ya ushauri."

"Bure."

Sasa, Nadhira amelelewa katika nyumba ambayo neno *bure* huinuliwa kwanza likatazamwa chini, kama jamvi la nje, ndipo mtu akalie. Baba yake, Mungu amrehemu, alifanya biashara ya mbao baina ya Pangani na Bagamoyo, na alikuwa akiwaambia wanawe: mtu akikupa kitu bure kwa mkono wa kulia, wewe tazama wa kushoto umeshika nini. Kwa hiyo Nadhira akatazama. Mkono wa kushoto wa kijana ulikuwa umeshika mfuko wa maandazi.

Kijana huyo, Muzammil, alikuwa na kundi la wasapu la kufundisha biashara mtandaoni; Nadhira alijiunga nalo kwa nia ya kupeleleza. Liliitwa Darasa la Soko, na lilikuwa na watu zaidi ya elfu mbili, wengi wao wanawake: wauza madera, wauza dagaa wa Mbegani, mwenye keki, mwenye miche ya michungwa kutoka Ubena. Sharti la kundi lilikuwa moja, limeandikwa juu kabisa: *Uliza moja, acha moja.* Ukija kutaka ushauri, ukishajibiwa, nawe unaacha kitu kimoja unachokijua, wenzio wafaidike. Mwenye keki aliacha namna ya kufunga keki isipondeke kwenye bodaboda. Mwenye dagaa aliacha namna ya kumjua mteja tapeli kwa jinsi anavyouliza bei.

Nadhira aliuliza. Akajibiwa. Akauliza tena.

"Picha zako unapiga usiku na mwanga wa simu," Muzammil alimwandikia. "Udi unaonekana kama makaa. Piga asubuhi, karibu na dirisha." Akapiga asubuhi. "Acha kuandika *bei njoo inboksi*. Mteja anadhani unataka kumpima mfuko kwanza. Andika bei." Akaandika bei. "Harufu haipiti kwenye simu. Tafuta mtu aisimulie. Waombe wateja wakutumie sauti, waseme wenyewe nyumba inanukiaje." Hilo ndilo lililomaliza kazi. Bibi mmoja wa Tanga alituma sauti akasema mumewe siku hizi anarudi mapema, na maboksi yakaanza kwenda Tanga kwa mfululizo.

Alichukua yote hayo. Kuacha, hakuacha hata moja. Kila alipokumbushwa alisema moyoni, nitaacha kesho. Na alijua kwamba anachokijua yeye ni kitu kimoja tu, na hicho hakiachwi. Udi wa nyumba yao ulitoka kwa bibi yake. Wanawake wa Dunda huufahamu kwa pua, lakini kuupika, hapana. Kanuni ya udi mama humfundisha binti, na mlango ukiwa umefungwa.

Simu zikaanza. Mwanzo za kazi, baadaye za kazi kidogo.

"Umekula?"

"Unaniuliza kama mwalimu au kama nani?"

"Kama mtu mwenye njaa aliyesikia unapika pweza."

"Nani kakwambia?"

"Umeweka picha mwenyewe. Na umepiga karibu na dirisha. Ahsante."

Nadhira alikuwa anacheka mpaka mama yake anauliza kutoka jikoni, "Huyo mteja gani anayechekesha hivyo?"

Hata hivyo hakuacha kumtilia shaka. Siku moja walipokaa ufukweni Mbegani, watu wakipita, kila mtu na soda yake, alimkazia macho.

"Watu elfu mbili wanajifunza bure. Wewe unakula nini?"

"Wengi wanajifunza, wanafanya wenyewe. Wachache wanajifunza, wanaona kazi ni nyingi, wananilipa niwafanyie. Hoteli za huku pwani, mwenye samani kule Makurunge. Wananiamini kwa sababu waliona kwanza."

Jibu lilikuwa safi. Nadhira hakupenda majibu safi mno. Aliliweka pembeni, mahali pa kuchungulia mara kwa mara.

Lakini moyo hauna subira ya mpelelezi. Ami yake Muzammil, Mzee Abdulnasir, anayekaa mtaa wa pili nyuma ya msikiti, alileta posa. Baba mdogo Sadallah, ndiye walii wake wa kumwozesha baada ya baba kufariki, akaipokea kwa heshima na kusema, kama inavyosemwa, tupeni muda tuulizie. Ndiyo desturi. Baina ya posa na jibu, nyumba ya binti humchunguza mchumba: msikitini kwake, kwa majirani, na kwao alikozaliwa. Baba mdogo alipiga simu Pangani kwa watu watatu wasiojuana, na wote wakasema kijana mwema.

Bi Shufaa, mama yake Nadhira, alisikiliza, akaukunja mdomo.

"Pangani ni kwao, watamsema vipi? Na mimi nina njia zangu za kuulizia."

Hakuna aliyemuuliza njia gani.

*

Alipotoka stendi, Nadhira alimkuta mama yake jikoni, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Paka wao alikuwa analizunguka sinia.

"Toka we Pilau! Toka jikoni!" Bi Shufaa akampungia kanga. Kisha akamtazama bintiye. "Mbona umevimba?"

Nadhira alisema yote: ujumbe uliofutwa, harusi ya Kaole, stendi. Katikati ya maelezo mbuzi ikanyamaza.

"Amekataa kumtaja?"

"Amekataa."

"Katakata?"

"Katakata. Anamjua, na anamficha. Mama, unamwonea huruma?"

"Mimi nakuna nazi." Mbuzi ikaanza tena, kwa kasi. "Lakini usikimbilie kujibu. Kesho bado."

Mama yake, ambaye posa ilipoletwa alisema kijana huyu ana maneno matamu kama muuza dawa, leo anasema usikimbilie. Nadhira alisimama mlangoni akilitafuna hilo. Ana mume mtarajiwa anayeficha, na sasa mama anakuna nazi iliyokwisha. Kifuu kilikuwa kinalia *kwaru kwaru* kwenye meno ya mbuzi, hakuna nyama tena.

Alivaa viatu.

Harusini alikuwa amemwona mwanamke mmoja akinukia udi kuliko wote: Mina, waliyesoma naye chuo wakachukua stashahada ya biashara pamoja, na ambaye siku hizi anauza manukato mtandaoni kutoka Magomeni ya hapa hapa Bagamoyo. Nadhira alipanda bajaji na njia nzima alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga vizuri, yenye ncha, moja baada ya jingine.

Mina alifungua mlango akiwa na dera la manjano na unga wa udi mpaka kwenye nyusi. Alipomwona, akamkumbatia.

"Umekuja mwenyewe! Shoga, nilikuwa naogopa kukupigia."

"Ulikuwa na sababu ya kuogopa."

"Najua. Kaa. Wangu unawasha koo."

"Nini?"

"Udi. Nimepika mara tatu. Harufu inakuja nzuri, halafu moshi unawasha koo. Bibi harusi wa watu kakohoa mpaka kope zimedondoka. Nikasema nimuulize Nadhira, maana wake hauwashi. Halafu nikasema, Nadhira atanila."

Maneno yote yenye ncha yakamtoka Nadhira kichwani. Akabakiwa na moja.

"Nani alikufundisha?"

"Kwani hukumsikia? Bi Mgeni, kwenye kundi. Aliacha sauti. Mwalimu aliifuta baada ya muda mfupi, lakini tulikuwa tumeshaihifadhi. Wanawake sisi!" Mina akachokoa simu. "Hii hapa."

Sauti ikatoka, ya karibu mno, kama mtu aliyemeza simu:

"Asalaam aleikum, mwanangu mwalimu. Mimi ndiye Bi Mgeni. Jana nilikuuliza lile swali la kipuuzi la bei, ukanijibu vizuri, hukunicheka. Na juzi nilikuuliza mara nne jambo hilo hilo, makusudi, hukukasirika. Sasa nasoma hapa nami niache. Mimi mambo ya simu siyajui, mwanangu. Najua udi. Unachukua maua ya langilangi, unayaloweka kwenye marashi mpaka marashi yabadilike rangi. Sukari unaipika kwa marashi hayo hayo, si maji. Halafu udi, halafu miski, halafu unamalizia na asali... *Toka we Pilau! Toka jikoni!* ...Haya. Ndiyo hivyo. Nakuambia wewe tu, usimwambie mtu."

Mina alikuwa anacheka mpaka machozi. "'Usimwambie mtu'! Na sisi elfu mbili tumekaa tunasikiliza! Maskini bibi wa watu. Unamjua?"

"Namjua paka wake," alisema Nadhira.

Aliomba arudiwe. Mara ya pili hakusikiliza maneno, alisikiliza nyumba yao: bomba linalodondoka, mlango wa stoo unaogonga upepo ukivuma. Asubuhi ile alikuwa amemvua mtu nguo mbele ya stendi nzima.

"Nadhira, asali inaingia lini?" Mina aliuliza. "Bibi hakusema."

Nadhira alijua. Asali haiguswi na moto. Sufuria inaepuliwa, inapoa mpaka unaweza kuweka kiganja ubavuni, ndipo asali. Ikipikwa inaungua, na ndiyo hiyo inayowasha koo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akaufunga mdomo.

"Nitakwambia," alisema, akaondoka.

*

"Bi Mgeni," alisema Nadhira akiingia jikoni. "Shikamoo."

Bi Shufaa alikuwa anachuja tui. Hakugeuka. Alimimina mpaka tone la mwisho, akaweka chujio, akafuta mikono kwenye kanga, moja moja.

"Marahaba," alisema.

"Mama!"

"Unataka nini? Nimuoze mwanangu mtu ninayemjua kwa kicheko cha kwenye simu? Baba yako mdogo kapiga simu Pangani, kaambiwa mwema. Mwema kwa nani? Kila mtu ni mwema akijua anatazamwa na wakwe. Mimi nilitaka kumwona akiwa na bibi asiyemjua, mzito wa kuelewa, anayerudia rudia. Mwanamume ukitaka kumjua mpe mjinga amfundishe."

"Ukamwona?"

"Nikamwona. Nimemuuliza jambo moja mara nne. Ya tano nikaona haya mwenyewe."

"Na udi? Udi wa bibi, mama!"

Hapo Bi Shufaa aliketi kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Nilidhani nazungumza naye peke yake. Si ameandika pale, acha moja? Nimeingia nyumba ya mtu, nimeuliza, nimejibiwa. Niondoke mikono mitupu kama mwizi? Na wewe nilikuona. Mwaka mzima unachota, hujarudisha hata kikombe. Nikasema ngoja nimlipie mwanangu. Mimi mjinga wa simu, Nadhira. Si mjinga wa watu."

"Alijua ni wewe?"

"Alinipigia muda ule ule. Namba ngeni, jina geni, lakini aliposikia tu 'haloo' akasema, 'Shikamoo mama.' Nikakata. Akapiga tena. Akasema, 'Mama, sauti yako imesikiwa na watu wengi, nimeifuta, lakini huenda wengine wamechukua. Nisamehe, ni kosa langu, sikueleza vizuri.' Kosa lake! Na hakuniuliza kwa nini najiita Mgeni. Alijua namchunguza, akanisitiri."

"Na hukuniambia."

"Niliona haya. Nikamwapisha." Bi Shufaa alitazama sakafu. "Nilimwambia, ukimwambia Nadhira nitajua mdomo wako hauna mlango. Na siku ya jibu utaambiwa hapana."

Nadhira alishika mwimo wa mlango.

"Mama. Leo asubuhi mimi nimemwambia asiponiambia jibu ni hapana."

"Nimekusikia uliposema."

"Kwa hiyo akisema anakosa, na asiposema anakosa."

"Ndiyo maana nilikuwa nakuna kifuu," alisema Bi Shufaa.

Kicheko kilitaka kuja, kikaona aibu. Paka akaingia, akazunguka sinia, na hakuna aliyemfukuza.

Nadhira si mtu wa kulia. Alitoka akakaa kwenye ngazi ya uani na kufanya anachokifanya siku zote, alitilia shaka. Alianza na Muzammil: mtu anayewapa watu elfu mbili kila anachokijua, ambaye Nadhira alidhani hawezi kuzuia neno, amezuia moja hata lilipokuwa linamgharimu mke. Shaka ikakosa pa kushika. Akaja kwa mama yake. Mama alikosea kwa adabu. Ikabaki kwake mwenyewe. Kwa nini alifunga mdomo kwa Mina? Anahifadhi nini? Udi umeshatoka nje ya nyumba. Kilichobaki ndani ni kidogo tu, kile kidogo kinachofanya koo lisiwashe. Na kila mwanamke anayekohoa harusini anajua kunusa, atasema, huu si ule wa Dunda? Udi mbaya wenye harufu yako ni tangazo baya kuliko kukaa kimya. Hilo lilikuwa somo la Muzammil, wala hakumlipa.

Alifungua simu, akabonyeza kipaza sauti kwenye kundi, na hakujipa nafasi ya kubadili nia.

"Asalaam aleikum. Mimi Nadhira, wa Udi wa Dunda. Nimekaa humu mwaka mzima nachukua, sijaacha. Leo naacha. Ule udi mliofundishwa na Bi Mgeni ni udi wa nyumba yetu, na ni sahihi, ila kuna jambo hakulimalizia kwa sababu alikuwa anafukuza paka. Asali haipikwi. Epua sufuria, ngoja ipoe mpaka kiganja kivumilie ubavuni, ndipo utie asali, ukoroge upande mmoja. Mina, acha kuwakohoza maharusi wa watu. Mwenye kukwama aniulize, nitamjibu. Na kesho nitapiga picha kila hatua, karibu na dirisha."

Akaachia. Ikaenda. Mlangoni nyuma yake Bi Shufaa alikuwa amesimama na mwiko.

"Sasa umewaambia wote."

"Wewe uliwaambia wa kwanza."

Simu ikaita kabla jibu halijapatikana. Muzammil.

"Nimesikia," alisema. Pumzi zilikuwa fupi, kama mtu aliyekuwa anakimbia au ameketi ghafla.

"Ulinisikia stendi pia. Nisamehe kwa stendi."

"Karani kaniuliza kama natafuta mchumba mwingine. Ana dada yake."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia nunua kalamu kwanza."

Nadhira alicheka, akajizuia. "Nimeacha moja. Kwa sharti lako, nina haki ya kuuliza moja."

"Uliza, habibti."

"Umemfichia mama yangu siri nisijue mimi. Umefanya vizuri, nakushukuru. Sasa nikikuoa, maana naona kama ni mimi ninayekuoa, utaendelea kunificha ya nyumbani kwangu?"

Muzammil hakujibu haraka, na hilo lilimpendeza kuliko majibu yote safi aliyowahi kumpa.

"Ya mtu mwingine aliyeniamini, nitayashika," alisema. "Hata ukinigombeza stendi. Ya kwangu, ya kwako na ya nyumba yetu, hapana. Kuanzia leo. Ukiniuliza nitakujibu, hata jibu likiwa baya."

"Nitauliza sana."

"Najua. Nilimjua mama yako kwenye kundi kwa hilo hilo. Hakuna nyumba nyingine yenye maswali mengi hivyo."

"Wazee wako wako wapi sasa hivi?"

"Ami yuko nyumbani. Anasema kesho asivae kanzu mpya maana nimemwambia..."

"Mwambie avae. Kaa kwenye simu."

Hakukata. Alivuka ua, simu mkononi, akaingia upande wa pili wa nyumba, ambako baba mdogo Sadallah alikuwa ametoka kuswali alasiri, yuko na kikombe cha kahawa na redio.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Lile jibu la posa. Ni ndiyo."

Mzee akashusha kikombe. "Alhamdulillahi. Basi kesho baada ya swala ya Ijumaa nitawaambia."

"Waambie leo."

"Tumewaambia Ijumaa, mwanangu. Ndiyo ahadi."

"Ahadi ni kutochelewa. Kuwahi hakuna anayekukataza. Nyumba ni mtaa wa pili tu, baba mdogo. Mimi asubuhi nimempa mtu jibu la uongo mbele ya stendi nzima, sitaki lilale naye."

Baba mdogo alimtazama, akamtazama Bi Shufaa aliyekuwa amefika nyuma na mwiko wake. "Shemeji, wewe unasemaje? Posa ilipokuja ulisema kijana ana maneno matamu."

"Nilimuulizia," alisema Bi Shufaa. "Mimi na njia zangu. Nenda."

Mzee Sadallah alizima redio, akachukua kofia msumarini na bakora nyuma ya mlango, ingawa haitumii ila siku za heshima, na akatoka. Nadhira aliweka simu sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia mlango," alisema Muzammil. "Nimesikia na bakora. Nadhira, ami yangu bado yuko na singlendi!"

"Mwambie avae haraka, basi. Baba mdogo ameshapita kwa fundi cherehani, anatembea kama kijana."

Bi Shufaa alikuwa amekwisha kuwasha makaa kwenye chetezo, maana jibu likitoka watu watakuja kupongezana, na nyumba ya Dunda haipokei mgeni ikiwa inanuka nazi. Alinyoosha mkono bila kugeuka. Nadhira akafungua kopo la udi, akachukua kipande kimoja, akakiweka juu ya kaa mwenyewe.